Fundi anajaza gesi kila msimu na bili haishuki: ninunue AC mpya zote 14?

*"Asalaam aleikum injinia. Nasimamia hoteli ya familia hapa Malindi, vyumba 14, karibu na bahari kabisa, nane viko juu chini ya slabu na sita viko chini. AC zote zilifungwa 2011, za gesi ya R22. Kila kabla ya Disemba na kabla ya Agosti fundi huja akajaza gesi, miezi miwili mitatu ikipita chumba hakipoi tena, na vyumba vingine vinanuka ukungu. Bili ya stima ndiyo inatumaliza. Muuzaji mmoja ametuambia tung'oe zote tuweke AC za inveta, zile ambazo kompresa inapunguza mwendo badala ya kuzima, 75,000 kila moja pamoja na kufunga, jumla 1,050,000. Mwengine anasema AC zibaki, tuweke sola. Fundi wetu nae anasema kuna gesi mpya anaweza kutia kwenye hizi hizi zikawa za kisasa. Kila chumba kina hita ya maji ya lita 50 na hatuzizimi, manake mgeni akikosa maji moto ni kesi. Halafu ndugu yangu anatengeneza nyumba ya wageni Shela, nyumba ya mawe ya zamani, anauliza na yeye aweke AC? Tuanzie wapi?"*

Waaleikum salaam. Nikikuelewa vizuri, pesa unaweza kuitafuta, unachoogopa ni kumwaga milioni moja kisha bili ije vilevile. Una haki ya kuogopa, kwa sababu hao watu watatu kila mmoja amekushauri ununue kile anachouza yeye, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza vyumba vyako vinalaliwa usiku ngapi kwa mwaka. Jibu langu kwa ufupi: usinunue zote 14, usikubali hiyo gesi mpya, sola ingoje kidogo. Anza na hita za maji, ufuate uvujaji, uzuie joto linaloingia vyumbani, ndio uje kubadilisha AC chache zile zinazofanya kazi sana. Sasa nikueleze kwa nini.

Kwanza hii habari ya kujaza gesi. Watu wengi wanadhani AC inakula gesi kama gari linavyokula petroli, na mafundi wengine wanaacha watu waamini hivo kwa sababu kuna hela kila msimu. AC haili gesi. Kazi yake ni ya hamali, inabeba joto la ndani inalitoa nje, na gesi ndiyo inayobebea hilo joto, inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, inaenda inarudi, na kama mabomba ni mazima gesi uliyotiwa 2011 ingekuwa bado imo yote mpaka leo. Ikipungua imevuja, basi, hakuna maelezo mengine. Na ikipungua kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, inafanya kazi muda mrefu zaidi ili kutoa ubaridi kidogo, tena yenyewe hupozwa na ile gesi baridi inayorudi, kwa hivyo gesi ikiwa chache kompresa inachemka na siku moja inaungua. Kwa hiyo miezi ile unayongoja fundi aje, unalipia stima nyingi kwa ubaridi mchache na unaua mashine wakati huohuo.

Mbona inavuja sana kwetu? Chumvi. Upepo wa kusi unapopiga unaleta ule ukungu wa bahari, unatua kwenye mashine ya nje, na vile vibati vyembamba vya alumini vimeshikana na mabomba ya shaba, metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi ile moja inaliwa. Utaona alumini inakuwa unga mweupe, ukiigusa inamong'onyoka. Hapo hata kabla ya kuvuja AC imeshaharibika, kwa sababu joto halina pa kutokea. Shika kurunzi kesho uzunguke nyuma ya hoteli uangalie zote 14, zile ambazo nusu ya vibati vimeshakwisha usizitilie hata shilingi moja ya matengenezo. Zile ambazo bado nzima muite fundi atafute tundu. Apake povu la sabuni kwenye maungio, na bora zaidi atie naitrojeni kwa presha aiache hadi kesho yake aone geji imeshuka ama haikushuka. Naitrojeni, sio oksijeni! Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu mtungi wa oksijeni ndio ulio karibu kwa kila mchomeleaji, na oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, watu wamekufa hivo.

Tundu likizibwa avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu mpaka geji itulie, ndio atie gesi kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye ile sahani ya mashine. Fundi anayepima gesi kwa kushika bomba na kusema "imeshika baridi" mpe chai muagane.

Kuhusu ile gesi mpya. R22 ni katika gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na chini ya makubaliano ya Montreal ya 1987 nchi zetu zimepewa ratiba ya kuziacha, kufikia 2025 gesi za jamii hiyo zilitakiwa zipungue kwa asilimia 67.5 na kufikia 2030 kwa asilimia 97.5, kinachobaki ni kidogo tu cha kuhudumia mashine za zamani. Kwa hivyo R22 itazidi kuadimika na kupanda bei, na mitungi ya kuchanganyachanganya itazidi mitaani. Hilo fundi wako yuko sawa. Lakini AC ya R22 haigeuki ya kisasa kwa kubadilisha gesi. Akitia R410A au R32, presha ya gesi hizo ni zaidi ya mara moja na nusu ya R22, mabomba na kompresa yako havikutengenezwa kwa hiyo, na mafuta ya ndani pia si yake. Akitia ile ya jamii ya gesi ya kupikia, propani, mashine itapoa, tena itapoa vizuri sana na wewe utafurahi, lakini sasa una gesi inayowaka ndani ya chumba cha kulala cha mgeni, kwenye mashine yenye swichi zinazotoa cheche na mabomba yaliyokwisha kuvuja kila miezi mitatu. Kuna AC zilizotengenezwa kwa propani tangu kiwandani na ni nzuri, hizo zimepimiwa gesi ndogo na vifaa vyake ni tofauti. Ya kwako si hiyo. Muulize kwa jina anataka kutia nini, na akikwambia "ni gesi tu mpya" mwambie ahsante.

Ukungu sasa. Angalia kwenye sahani ya AC imeandikwa BTU ngapi, hicho ndicho kipimo cha nguvu yake ya kupoza. Nimeona hoteli nyingi za pwani chumba cha mita nne kwa tatu kimefungiwa 18,000, kwa kuwa mwenye hoteli alitaka kipoe haraka. Kinapoa haraka kweli, halafu kompresa inazima, na unyevu haujatoka. Unyevu wa hewa hutolewa pale tu koili ya ndani (yale mabomba yenye vibati yanayopitisha gesi baridi) ikiwa baridi na kompresa inazunguka, unyevu unageuka matone ya maji yanatiririka nje. Ikizima mapema na feni ya ndani ikaendelea, inayapuliza yaleyale maji yarudi chumbani. Ndio unapata chumba baridi chenye shuka za unyevu na harufu ya kabati. Kwa hizo za sasa weka feni kwenye oto isizunguke kompresa ikiwa imezima, safisha sinia na bomba la maji machafu maana utelezi ukiziba maji yanalala humo, na ukija kununua mpya nunua ndogo, 9,000 au 12,000 zinatosha kwa vyumba vingi vya kulala ukishapunguza joto linaloingia. Na usimruhusu mtu apulize jiki kwenye koili ati aue ukungu, jiki inakula alumini kuliko hiyo bahari.

Twende kwenye hita za maji, hapa ndipo ningeanza mimi kama ningekuwa wewe, kwa sababu haigharimu kitu. Hita ya lita 50 iliyowashwa mchana na usiku hupoteza takriban uniti moja kwa siku kwa kupoa tu na kujipasha tena, hata kama hakuna mtu ameoga. Kumi na nne ni uniti 14 kwa siku, 420 kwa mwezi. Chukua shilingi 25 kwa uniti kwa mfano (angalia bili yako, gawanya jumla yote kwa uniti ulizotumia, hiyo ndiyo bei yako halisi pamoja na makodi yote), ni zaidi ya 10,000 kila mwezi unawapashia maji majini, hata mwezi wa tano hoteli ikiwa tupu. Na ile hofu ya mgeni kukosa maji moto haina msingi sana: kupasha lita 50 kutoka kwenye nyuzi 27 za bomba letu hadi 60 inataka kama uniti mbili, hita ya kilowati moja na nusu inamaliza kazi kwa saa moja na robo. Mtu wa mapokezi akiwasha mgeni anapofika au saa kumi jioni, mgeni anakuta maji. Funga taima kama hutaki kutegemea kumbukumbu ya mtu.

Ila usijaribu kuokoa kwa kushusha joto la hita mpaka 45, hapana. Kuna bakteria wanaitwa lejionela wanapenda maji ya uvuguvugu yaliyolala, wanaingia mapafuni kwa mvuke wa shawa. Iache 60, mgeni atachanganya na baridi mwenyewe, na chumba kilichokaa wiki mbili bila mtu pasha kwanza mpaka 60 ndio ufungulie maji yapite kabla hujampa mgeni.

Baadae ukitaka kutoka kabisa kwenye hita za stima, sola ya kupasha maji, ile yenye tangi juu ya paa, kwa Malindi inalipa kuliko kitu chochote kingine unachoweza kununua. Lakini uliza maji yako yanatoka wapi. Kama ni ya kisima yenye chumvi, tangi la kawaida litakwisha mapema, chukua ile ambayo maji ya kuoga hayapiti kwenye bamba lenyewe, na kile kijiti cha magnesiamu ndani ya tangi kibadilishwe kabla hakijaisha, kwa sababu kipo ili chenyewe kiliwe badala ya tangi. Wauzaji wengi hawakitaji kabisa.

Joto linaloingia. Vyumba vyako vinane vya juu vinateseka kwa slabu. Zege linapigwa jua kutwa, linalinywa, halafu linaanza kulitoa ndani jioni, saa ileile mgeni amerudi kutoka pwani anataka kulala. AC yako usiku inapigana na jua la mchana. Paka juu chokaa nyeupe au rangi nyeupe ya paa, na uipake tena ikichakaa, ni kazi ya siku mbili na vibarua wawili. Makuti juu ya slabu na nafasi ya hewa katikati ni bora zaidi na wageni wanapenda, ila bima na hatari ya moto wa makuti tunaijua sote hapa, sitakusukuma. Vioo vya luva navyo havifungi, hewa baridi inatoka usiku kucha, chumba chenye AC kinataka dirisha linalofunga. Na mlango wa balkoni: mgeni anapenda kusikia bahari, anafungua mlango na AC iko 16. Kuna swichi ndogo ya sumaku ya mlangoni, mlango ukiwa wazi dakika moja AC inazima, bei yake si kubwa na inamaliza ugomvi kuliko karatasi ya "tafadhali zima AC" ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisoma. Hiyo 16 yenyewe, kwenye AC zako za zamani haipozi haraka zaidi hata kidogo, kompresa ina mwendo mmoja tu, unachofanya ni kuichelewesha kuzima. Weka 25 na feni ya dari, upepo ukimpita mtu mwilini atasikia baridi bila wewe kulipia.

Jambo jingine nimeliona sana kwenye hoteli za huku: mashine ya nje imejengewa kiboksi cha mbao isionekane na wageni. Inatoa hewa moto, inaivuta tena ileile. Ondoa.

Haya, sasa AC zenyewe. Muuzaji hajakudanganya kwamba inveta inaokoa. Ya zamani ya 12,000 inavuta kilowati moja na robo hivi kila kompresa inapozunguka, usiku wa masaa kumi ikiwaka na kuzima itakula kama uniti 8. Inveta nzuri inapunguza mwendo badala ya kuzima, usiku huohuo itakula 4 au zaidi kidogo. Sema umeokoa uniti 4, shilingi 100 kwa usiku. Chumba kinacholaliwa usiku 180 kwa mwaka kitakuokolea 18,000, kwa hiyo 75,000 yako inarudi baada ya miaka minne na kitu. Chumba cha usiku 60 kwa mwaka kinaokoa 6,000, itachukua zaidi ya miaka 12, na kwa hewa yetu ya chumvi hiyo AC bahari itakuwa imeshaila zamani. Umeona tofauti? Toa kitabu chako cha wageni, panga vyumba kwa usiku vilivyolaliwa, badilisha vile vitano vinavyoongoza kwa kulaliwa kwanza, 375,000. Sehemu zinazofaa za mashine ulizong'oa zihudumie zinazobaki, na vyumba vile vya mwisho pengine vinataka feni nzuri, neti na bei ya chini, kuna wageni wanaoomba hivo wenyewe.

Ukinunua chukua ya R32, angalia lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na ulinganishe namba zilizoandikwa, usilinganishe maneno ya muuzaji. Dai koili iliyopakwa kinga ya chumvi, na uulize kama udhamini unakubali sehemu za baharini kwa sababu mwingi haukubali, soma yale maandishi madogo. Na ubaya wa inveta nikuambie pia: ina bodi ya elektroniki nje, na stima yetu unajua inavyopanda na kushuka, ikikatika na kurudi kwa kishindo bodi inaungua na bodi moja inaweza kuwa karibu nusu ya bei ya AC. Kila moja ifungwe na kinga yake ya volteji, na waya wa athi (ule wa kwenda ardhini) upimwe uwe wa kweli, nyumba nyingi ule waya upo kwa macho tu. R32 nayo inashika moto kwa shida lakini inashika, kwa hiyo fundi asichomelee bomba lenye gesi ndani.

Sola ya stima mwache yule muuzaji wa pili angoje. Sio mbaya, ila jua ni la mchana na AC zako ni za usiku, bila betri kubwa hazikutani, na betri ndizo ghali. Kinachofaa kwa jua lako ni friza za jikoni, pampu ya maji, ya bwawa kama unalo, mashine za kufulia. Ukishapunguza matumizi, utahitaji paneli chache kuliko anazotaka kukuuzia leo.

Matunzo: filta za ndani zioshwe kila wiki mbili vyumba vikiwa na watu, hii mtu wa usafi anaweza, haihitaji fundi. Mashine ya nje, zima breka yake, imwagie maji matamu taratibu kila mwezi, na kila wiki mbili wakati wa kusi. Maji ya bomba, yale ya Baricho, au ya mvua. Wengi wanaosha kwa maji ya kisima yenye chumvi halafu wanashangaa kwa nini inaoza haraka zaidi. Usitumie ile pampu ya kuoshea magari, inalaza vibati vyote.

Kuhusu Shela, kule kisiwani Lamu, ndugu yako asikimbilie AC. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, zinachelewesha joto, na zile nyumba zilijengwa zivute upepo kupitia kiwanda, yaani ule ua wa katikati ya nyumba, na madirisha ya juu. Akifunga chumba akaweka AC, hewa yenye unyevu kutoka nje inapita kwenye ukuta wa chokaa na kukutana na ubaridi, maji yanatokea ndani ya plasta, plasta inaanza kudondoka na boriti zinaoza. Tena akiwa amepaka rangi ya plastiki juu ya chokaa ndio ukuta haupumui kabisa. Afungue kwanza matundu ya hewa yaliyozibwa, aweke feni, alaze wageni juu kwenye upepo, na akiona lazima awe na AC basi chumba kimoja tu chenye dari na plasta ya kufaa. Na ingawa Shela iko nje ya mji mkongwe wa Lamu wenyewe, ule ambao ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, asitundike mashine ukutani upande wa njia kabla hajaongea na watu wa makumbusho pale Lamu.

Mambo ambayo siwezi kuyajibu kwa maandishi na hufai kuyajaribu mwenyewe: ukisikia breka inaruka kila AC ikiwaka, soketi au waya una joto ukiugusa, mtu amepigwa shoti na bomba la shawa hata kidogo, au harufu kama ya gesi ya kupikia chumbani baada ya fundi kuja, zima kila kitu, toa wageni kwenye hicho chumba, ita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA siku hiyohiyo. Kama bili yako ina mstari wa kVA au faini ya pawa fakta (ya stima inayovutwa bila kufanya kazi) nayo mwite mtu aje na mita yake apime siku kadhaa hoteli ikiwa imejaa, hapo kuna pesa ambayo mimi siioni kutoka hapa. Na siku ya kung'oa zile tano za zamani, fundi aje na mashine ya kuvutia gesi na mtungi mtupu. R22 inayotoka ikiwa safi ni mali yako, itahudumia zile tisa zilizobaki, asikufungulie nati ikapiga mluzi hewani.